MARADHI NI ADUI WA TAIFA, SI MKOSI WA MAMA

SEHEMU YA 1: "NESI, SIASA INAKUHUSU NINI?"



Wiki hii sitaongelea uji wa lishe wala kadi ya chanjo. Nitaongelea nchi. Najua tayari kuna mtu anaandika kule chini: "Nesi, rudi kwenye maziwa ya mama na nepi, siasa inakuhusu nini?" Swali hilo nimelijibu kwa upole mara nyingi. Leo nalijibu kwa sauti ya zamu ya usiku.

Siasa inanihusu kwa sababu nchi hii ilipopata uhuru ilitaja maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Huyo wa pili ndiye ninayepigana naye kila ninapovaa sare. Askari wa mpakani hakuna anayemuuliza ulinzi unamhusu nini. Mimi mwenye adui aliyetajwa kwa jina na Serikali ya kwanza, naambiwa ninyamaze nibadilishe mashuka.

Kila Oktoba 14 na Desemba 9 simu zetu zinajaa ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza una picha ya Mwalimu na maneno ya huzuni: enzi zile kila kitu kilikuwa bure, wazazi walijifungua kwa raha, leo tumeharibikiwa. Wa pili unatoka kwa vijana wenye hasira: wazee wale walitufilisi, ujamaa ulitupangisha foleni ya sukari, hakuna cha kujifunza.

Mimi nasema wote wawili wanamkimbia mtu mmoja. Wanamkimbia mwanamke wa kijijini mwenye mimba, ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Misingi ya taifa hili ilimtaja yeye. Ni maandishi, yapo. Mmoja anamfunika kwa maua, mwingine anamtupa pamoja na maji ya kuogea.

Nitaandika sehemu saba. Aliye na mtoto wa kunyonyesha asome kwa awamu, posti hazikimbii.

SEHEMU YA 2: WALIANZA NA NINI?

Hebu turudi Desemba 9, 1961. Tanganyika, kabla ya Muungano. Watu zaidi ya milioni 9, nchi kubwa kuliko nyingi mnazoziona kwenye ramani ya Ulaya. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukumbusha baadaye kwamba Waingereza walipoondoka, madaktari wazalendo walikuwa 12 na wahandisi 2. Nchi nzima. Madaktari 12! Leo wodi moja ya hospitali kubwa ikiwa na madaktari 12 bado mnalalamika foleni, na mna haki ya kulalamika.

Sasa jiweke mahali pao. Una fedha kiduchu, madaktari 12, na watu wengi kabisa wanaishi kijijini. Unajenga nini?

Njia rahisi ilikuwa moja: jenga hospitali kubwa ya ghorofa mjini, kata utepe, piga picha, wageni wakija waonyeshwe. Nchi nyingi changa zilifanya hivyo. Sisi pia tulikuwa na hamu hiyo, tusijidanganye.

Lakini mwaka 1964 ikatoka taarifa ya timu iliyoongozwa na Richard Titmuss, profesa kutoka Uingereza, kuhusu huduma za afya za Tanganyika. Kwa lugha ya jikoni ilisema hivi: acheni kukimbilia vitanda vya mjini, wekeni nguvu kwenye kinga na kwenye vituo vya afya vya vijijini. Maana mtoto wa kijijini anakufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa surua. Hafi kwa sababu mjini hakuna mashine ya kisasa. Anakufa kwa sababu karibu naye hakuna mtu aliyefundishwa na hakuna dawa.

Ushauri huo haukutekelezwa kwa siku moja. Miaka ya mwanzo fedha nyingi bado zilibaki mjini. Ila uamuzi ulikuja kufanyika, na idadi zinaonyesha. Mwaka 1961 vituo vya afya vya vijijini vilikuwa 22. Kufikia 1980 vilikuwa vimepita 200. Zahanati zilitoka chini ya 1,000 zikavuka 2,000. Miaka ya 1970 wakaanza kufundishwa wahudumu wa afya ya mama na mtoto kwa ajili ya vijijini, watu wa kupima mjamzito, kumpima mtoto uzito na kutoa chanjo palepale.

Kile kibanda ambacho bibi yako alipanga foleni kupimisha mimba ya mama yako hakikuota kama uyoga. Mtu alikaa kwenye kikao akasema: tusijenge ghorofa, tujenge hiki.

Huo ndio uamuzi ninaotaka tuukumbuke. Kuchagua nani atangulie.

SEHEMU YA 3: UKURASA WANAOURUKA

Azimio la Arusha, Februari 5, 1967. Ukimuuliza mtu leo Azimio lilisema nini, atakujibu: "Ujamaa na kujitegemea, walitaifisha mabenki." Sawa. Kwani ni hayo tu?

Kuna mambo mawili mle ndani ambayo nikiyasoma nasikia kama yameandikwa na mtu aliyekaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito.

La kwanza ni kuhusu hospitali. Azimio linaeleza kwamba nchi ikikopa fedha nje ikajenga hospitali nzuri mjini, deni lile linalipwa kwa mazao ya mkulima: pamba yake, kahawa yake, katani yake. Halafu mkulima huyohuyo ndiye asiyefika kwenye hospitali ile. Analipa asichokitumia. Wakaonya waziwazi kwamba tusipoangalia, watu wa mjini watakuwa wanamnyonya mtu wa kijijini. Rudia kusoma hapo. Walikuwa wanajionya wenyewe, maana wao ndio waliokuwa mjini.

La pili ndilo linalowafanya wanaume wengi wageuze ukurasa haraka. Azimio lilipima saa za kazi. Likasema mwanamke wa kijijini anafanya kazi saa 12 hadi 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mfanyakazi wa mshahara, saa 8 hivi. Na mwanaume wa kijijini? Wakasema nusu ya maisha yake yuko likizo. Sijasema mimi! Imesemwa na chama tawala mwaka 1967, wazee wengi wao wakiwa ni wanaume. Na wanawake fulani wa mjini nao hawakuachwa, waliguswa kwa uvivu.

Sasa mniruhusu niseme kama nesi. Saa 14 za kazi kwa mwanamke mwenye mimba si habari ya uchumi tu. Anaamka saa 10 alfajiri, anachota maji, anakwenda shamba, anarudi na kuni, anapika, anaogesha watoto, yeye anakula mwisho na anakula kilichobaki. Huyo ndiye anayefika kliniki damu ikiwa chini. Tunampa vidonge vya kuongeza damu, tunamwambia "mama upumzike, ule mboga za majani, dagaa, maharage". Anatuitikia "ndiyo nesi" kwa heshima, na wote wawili tunajua harudi kwenye mapumziko. Siku ya kujifungua akivuja damu kidogo tu, hana akiba mwilini.

Azimio liliona hilo tatizo kabla wengi wetu hatujazaliwa. Likaliandika kwenye msingi wa nchi. Halafu sherehe zikapigwa, vitenge vikachapwa, nyimbo zikaimbwa, na saa za mama zikabaki zilezile.

Ndiyo maana nakasirika nikiona Azimio linasifiwa na mtu ambaye hajawahi kubeba ndoo ya mkewe.

SEHEMU YA 4: TAIFA LILIKUWA NA MAMA PIA

Kuna aliyeniandikia baada ya sehemu ya 3: "Nesi, acha kuleta mambo ya wanawake, nchi hii ilijengwa na Baba wa Taifa na wazee wetu."

Kaka yangu, karibu sana, kaa hapo kwenye mkeka.

TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Mwaka uliofuata chama kikamtafuta mtu wa kuwaingiza wanawake, na akapatikana Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam. Hakuwa na digrii. Alikuwa muimbaji katika vikundi vya ngoma. Akaenda kulekule wanawake walikokuwa, kwenye vikundi vyao vya ngoma na lelemama, kwa wauza maandazi na wapika pombe, akawaandikisha kwa maelfu. Wanaume wengi wa mjini walikuwa na ajira ya mkoloni na waliogopa kuonekana na kadi ya chama. Mwanamke muuza vitumbua hakuwa na bosi wa kumfukuza. Kadi ikakaa kwake.

Yaani kile mnachokifanya leo kwenye vikoba vyenu, mkikutana, mkichangishana, mkipashana habari, ndicho kilichobeba uhuru.

Na kuna Lucy Lameck wa Kilimanjaro. Alisomea uuguzi. Uuguzi jamani! Akaingia Bungeni, akawa mwanamke wa kwanza kushika nafasi ya uwaziri mdogo katika Serikali ile, na baadaye akahudumu hata kwenye wizara ya afya. Kwa hiyo anayeniuliza nesi na siasa wapi na wapi, akaulize Serikali ya kwanza.

Tena Serikali ile ilijibana. Oktoba 1966, baada ya wanafunzi wa chuo kikuu kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Nyerere aliwarudisha makwao, kisha akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye Azimio likaweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Na ili mtu asijifiche nyuma ya shuka, sharti likamhesabu kiongozi pamoja na mke wake, au pamoja na mume wake.

Hebu msome hiyo orodha polepole huku mkiwafikiria viongozi mnaowajua. Sitaji mtu. Nawaacha na mawazo yenu.

SEHEMU YA 5: MSINIGEUZE CHAWA WA ENZI ZA MWALIMU

Sasa zamu ya wale wa maua. Nimeona mnavyoshangilia sehemu ya 4, mkadhani nesi yuko upande wenu moja kwa moja. Subirini dawa yenu, na hii ni chungu.

Si kweli kwamba zamani mama alijifungua kwa raha. Wanawake walikufa wengi kuliko leo, na wengi walikufia nyumbani au njiani bila hata kuhesabiwa. Hata karibuni tu, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2022 ukakadiria 104. Hayo ni maisha ya watu. Ni kazi ya wakunga, ya barabara, ya ambulensi, ya vyumba vya upasuaji kwenye vituo vya afya, na yenu nyinyi mnaowahi. Anayeniambia leo hakuna lolote lililofanyika anawatukana wenzangu wanaokesha.

Tena Serikali ile ya mwanzo iliwaumiza watu wake. Mwaka 1962, uhuru ukiwa haujatimiza hata mwaka, ilipitishwa sheria ya kuweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1965 ikawa chama kimoja kwa sheria. Na kuanzia 1973 kuhamia vijijini hakukuwa hiari tena, kukawa amri. Operesheni. Watu walipakiwa kwenye malori, nyumba nyingine zikachomwa ili wenyewe wasirudi, mashamba yakaachwa. Waulizeni bibi zenu, wengine walijifungua wakiwa hawana hata paa. Nia ilikuwa kuwasogeza watu karibu na shule, maji na zahanati. Ni nia njema. Lakini ukimsogeza mama kwenye zahanati kwa kuichoma nyumba yake, umeshasahau kwa nini ulitaka afike.

Na Bibi Titi? Azimio lilipokuja hakukubaliana na sharti la nyumba za kupangisha, akajiuzulu nafasi zake. Mimi namuelewa. Mwanamke asiye na mshahara wa uzeeni, nyumba ya kupangisha ndiyo pensheni yake. Mwaka 1969 akakamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa kwa msamaha mwaka 1972. Leo kuna barabara kubwa Dar es Salaam yenye jina lake. Barabara tumempa, ila watoto wetu wengi wanaijua kwa foleni tu.

Kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Msingi mzuri haumfanyi mjenzi kuwa malaika. Na kosa la mjenzi haliufanyi msingi kuwa mbovu. Kwenye wodi tunalijua hili. Nesi mmoja akimfokea mama, hatusemi basi uuguzi ufutwe. Tunasema nesi arekebishwe na mama aombwe radhi.

Mzee akikosea, kosa lake tunalisema. Na aliloahidi tunalidai.

SEHEMU YA 6: "FEDHA HAKUNA"

Tunafika penye moto.

Mzigo wa miaka ile uliishia kuwa mzito. Bei ya mafuta ilipanda, vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979 ikala akiba, miaka ya 1980 dawa zikaadimika. Mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa kuchangia gharama za matibabu. Sitaki tubishane sana hapo. Serikali isiyo na fedha inaweza kulazimika kuwaomba wananchi wachangie.

Ila walipoanzisha uchangiaji waliacha mlango mmoja wazi, na huo mlango unatoka moja kwa moja kwenye misingi ya mwanzo: mjamzito, anayejifungua na mtoto wa chini ya miaka 5 wasilipe kwenye kituo cha Serikali. Mpaka leo hiyo ndiyo sera. Ipo kwenye karatasi.

Sasa mnajua nyinyi mnachokutana nacho. "Mama, siku ikifika njoo na glavu, pamba, nyembe, mpira wa kulalia, vibanio vya kitovu, kanga safi." Kituo kingine wana kila kitu, kingine hakuna kitu. Mwenye mume mwenye kipato ananunua, anaweka kwenye begi. Asiyenacho anachelewa kuja. Na mama anayechelewa kwa sababu ya aibu ya kukosa glavu ndiye tunayempokea usiku wa manane amechoka, mtoto amechoka, na bodaboda anadai nauli mlangoni.

Niseme na hili, maana wengi mnatutukana sisi. Nesi hana duka la glavu nyumbani kwake. Nesi anayekuomba ununue, mara nyingi kabatini hana. Ila nesi anayeiba za kabatini akuuzie, huyo ni mwizi, na mimi sitamtetea hata siku moja. Amegeuka maradhi.

Ukiuliza kwa nini kabati ni tupu, unajibiwa: "Fedha hakuna." Hapo ndipo Azimio linapowasuta. Lilisema nchi ili iendelee inahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haikuwekwa kwenye orodha. Waliiita matunda, hawakuiita shina. Hawakumaanisha kwamba glavu zinanunuliwa kwa maneno matamu. Walimaanisha kwamba fedha chache zinafuata uamuzi wa nani atangulie. Mwaka 2001 kule Abuja viongozi wa Afrika, wa kwetu wakiwemo, waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Ahadi hiyo imezeeka mpaka watoto waliozaliwa mwaka huo sasa nao wanajifungua.

Wakati huohuo hatujawahi kusikia kikao kimeahirishwa kwa kukosa chai. Hatujawahi kusikia gari la msafara limekwama kwa kukosa mafuta. Fulana za maadhimisho huwa zinapatikana. Mabango ya picha kubwa yanapatikana. Kinachokosekana ni glavu ya kumpokelea Mtanzania mpya.

Mwaka 2023 tumepata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Naipokea kwa mikono miwili. Lakini kadi ya bima bila dawa kabatini ni kipande cha plastiki. Na mtu asije akatumia bima kuufunga ule mlango wa mjamzito ulioachwa wazi. Nitapiga kelele mpaka sauti ikauke.

SEHEMU YA 7: SASA TUFANYE NINI?

Mmeniuliza wengi: "Nesi umeongea, haya tufanyeje?" Haki yenu. Nesi akikueleza ugonjwa bila kukupa dawa amekutisha tu.

Tukumbuke Mtu ni Afya, mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio na kujadili malaria, minyoo, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Baada ya kujadili walitoka wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakachemsha maji. Hawakungoja mfadhili. Serikali ilitoa redio, vitabu na viongozi wa vikundi, wananchi wakatoa mikono. Kila upande ulileta chake. Hicho ndicho kilichopotea: leo upande mmoja unaambiwa uchangie, upande wa pili haukaguliwi.

Basi ukaguzi uanze na sisi.

Kwanza, mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unatakiwa ukutane walau kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele yenu. Mijini kuna mkutano wa mtaa. Nendeni. Msiende mmoja mmoja, nendeni kikoba kizima, watoto mgongoni. Swali ni moja tu, halihitaji Kiingereza: "Zahanati yetu imepata shilingi ngapi na zimenunua nini?"

Pili, kila kituo cha Serikali kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 kuna fedha za afya zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, hazizungukii tena halmashauri. Maana yake maamuzi yamesogea mpaka mlangoni kwako. Je, kwenye kamati ya kituo chenu kuna mama mwenye mtoto mdogo? Au wamejaa wazee waliokuja kliniki mara ya mwisho wakiwa wamebebwa mgongoni? Nafasi ikitangazwa, mmoja wenu achukue fomu. Bibi Titi hakungoja digrii.

Tatu, nyumbani. Kina baba, hili ni lenu na sitalipamba. Zile saa 14 hazimalizwi na Rais. Chota maji. Beba kuni. Osha vyombo mkeo akiwa na mimba ya miezi minane, hakuna kiungo kitakachokukatika. Msindikize kliniki hudhurio la kwanza, mapema, kabla mimba haijatimiza miezi mitatu, usingoje tumbo lionekane. Weka akiba ya nauli ya usiku. Ukifanya hivyo umetekeleza Azimio kuliko anayeweka picha ya Mwalimu kwenye simu.

Nne, dada zangu wa mjini, nasi tumo. Mdada wa kazi anayelea mtoto wako naye anafanya saa 14. Ana umri gani? Analala saa ngapi? Akiumwa unampeleka wapi? Usawa wa binadamu ulikuwa jambo la kwanza kabisa kwenye imani ya TANU. Hatuwezi kuudai halmashauri tukaunyima jikoni.

Tano, wenzangu wenye sare nyeupe. Mama anapoingia leba ni raia amefika kuchukua haki yake. Hakuja kuomba msaada. Tusimfokee. Kabati likiwa tupu, andika kwenye kitabu, mweleze ukweli, mpeleke swali mganga mfawidhi. Usimalizie hasira zako kwenye paja la mzazi.

Watoto wetu watasoma shuleni kwamba nchi hii ilitangaza vita na maradhi. Watauliza vita iliishaje. Jibu litategemea kabati la glavu la zahanati ya kijijini kuliko litakavyotegemea hotuba ya Desemba.

Sasa kazi kwenu. Mkutano wa kijiji au mtaa wenu unaofuata ni lini? Kama hujui, usiweke alama ya kupenda posti hii. Nenda kamuulize mwenyekiti, halafu rudi hapa chini uandike tarehe. Nitasoma moja moja nikitoka zamu.